Siku ya Kusafisha Sakafu ya Abasi

Sogeeni hapa, wanangu, wewe Nasri na wewe Anifa, na huo mlango urudishieni kidogo, maana kelele za pikipiki huko barabarani zinanichanganya na mimi tayari nimechanganyikiwa vya kutosha. Kwa jina la Mwenyezi Mungu aliyenipa pumzi hii na ambaye sasa anaitaka, nasema haya nikiwa na akili zangu, ingawa akili zenyewe leo zinakuja na kuondoka. Nikikosea jina nirekebisheni. Asubuhi nimemwita Nasri kwa jina la marehemu baba yake, na yeye akaitika. Sijui kwa nini uliitika, mwanangu.

Shamba la Ntalikwa, cherehani, vyombo vya shaba vya mama yangu, hivyo mtagawana kama sheria yetu inavyosema. Sheikh atawasomea na mimi sina neno la kuongeza. Nilichowaitia ni sakafu ya sebuleni. Hiyo siwezi kuikata nusu kwa nusu, na ndiyo iliyowafanya ndugu wa tumbo moja mpite mwaka mzima hamsalimiani, na kila nikilala hapa nikijaribu kuelewa ilikuwaje, napotea njiani kama mgeni.

Sikilizeni, na msinikatize. Baba yenu Abasi alipokuwa akijenga nyumba hii, Tabora nzima ilikuwa inamimina saruji. Yeye akasema mke wake hatakanyaga saruji. Kila kazi ya milango na vitanda aliyoimaliza kwa watu, alirudi na vipande vya mninga begani, akavipiga randa hapo uani, akavipanga kimoja kimoja. Wenzake walimcheka, wakamwambia, "Abasi, unamtandikia mkeo kabati la kulala chini?" Akaendelea kupiga randa. Wewe Nasri ulijifunza kutambaa juu ya mbao hizo kabla hazijapakwa vanishi, nikawa nakutoa vibanzi magotini kwa sindano, na Anifa alipozaliwa sakafu ilikuwa imekwisha na inateleza mpaka mkawa mnasukumana juu ya kanga kama mko kwenye gari.

Alivyoitunza mliona. Kila siku ufagio laini, kisha tambara lililokamuliwa mpaka halitoi tone. Vanishi aliipaka upya mwenyewe, na kabla ya kuipaka alidondosha maji kidogo kwenye ubao akayaangalia. Yakisimama juu kama shanga, alisema bado. Yakizama, alitafuta msasa. Sikumsikia hata siku moja akitaja mwaka wala mwezi. Basi alipofariki hakuna aliyejua vanishi ipakwe lini. Anifa alifagia, Mungu anamwona, alifagia kila siku, lakini wageni wetu wa Kwihara wanakuja na mchanga kwenye viatu, na pale mlangoni mbao zikaanza kuwa nyeusi.

Ndipo Nasri, ukiwa huko Dodoma, ukasoma kwenye simu kwamba sakafu ya mbao inataka wataalamu, ukamleta Emilian na mashine zake. Emilian yule kijana wa Kimoraviani mwenye kampuni ya usafi. Akaingia, "Shikamoo bibi," akatoa viatu mlangoni, akakwangua na kupaka vanishi mchana kutwa. Alipomaliza nikaletwa na kiti changu, nikaona rangi ya mninga ile ile ya mwaka alipozaliwa Anifa. Nililia. Anifa akakupigia simu, akakuonyesha, ukaniona ninalia, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana ulifurahi mno, mwanangu, ukataka nilie tena.

Haukupita muda Emilian akarudi. Kisha akarudi tena. Nikamuuliza, "Baba, kwani sakafu imechafuka?" Akasema, "Hapana bibi, ila mteja ameagiza." Mteja! Nikashangaa kwamba mwanangu amekuwa mteja wa nyumba yake mwenyewe. Na kila alipokuja, Anifa alikuwa jikoni anabamiza masufuria, akaniambia, "Mama, kwani mimi sifagii? Au kaka anadhani unakaa na mchafu?" Nilijua Nasri anatuma mashine kwa sababu hawezi kujituma mwenyewe, na nilijua Anifa anaumia kwa sababu mikono yake ndiyo inayoniogesha, na vyote viwili nilivijua kwa wakati mmoja na havikukaa pamoja kichwani mwangu.

Safari iliyofuata Anifa akafunga mlango. Emilian akasimama pale kibarazani na mashine yake, akampigia Nasri, na Nasri akampigia Anifa, na simu ilikuwa na sauti kubwa kwa ajili ya masikio yangu, nikasikia kila kitu.

"Fungua mlango. Nyumba si yako."

"Na mama je? Yeye ni wa nani?"

Kisha kimya. Mpaka leo ni kimya kile kile. Usiangalie dirishani, Nasri. Niangalie mimi.

Masika yakaja na upepo. Siku hiyo Anifa alikuwa sokoni, mvua ikaingia kwa dirisha ikalala sebuleni mpaka jioni. Mbao mbili zikavimba, moja ikanyanyua kichwa. Anifa alikausha maji, lakini fundi hakumwita, maana alisema fundi ni wa Nasri. Na Nasri aliposikia hakumtuma fundi, maana alisema amefungiwa mlango. Nikawa nauona ule ubao kila siku kutoka kwenye kiti changu, umesimama hapo katikati yetu, na kila mmoja ananiambia ni wa mwenzake. Halafu nikajikwaa. Nilikuwa naenda kuchukua maji ya kunywa tu. Nyonga ikavunjika, hospitali wakafanya walichoweza, na ndiyo nimelala hapa.

Sasa mnataka nihukumu. Nasri, umesema kama angefunguliwa Emilian, ubao ungekuwa na vanishi ya kutosha. Anifa, umesema mashine za Nasri zimezikwangua mbao mpaka zimekuwa nyembamba, ndiyo maana zimevimba. Nimemuuliza Emilian. Akasema labda, na labda. Nikamuuliza yule jamaa wa Bukene anayeuza mbao, akasema mbao zikwanguliwe kila baada ya miaka miwili. Mke wa imamu akasema sakafu haioshwi na mgeni kabisa. Kila mtu ana mwaka wake, na mimi nimewasikiliza wote na bado sijui. Baba yenu angejua. Abasi, hebu waambie... Hapana. Najua hayupo. Nipeni maji.

Anifa, umeweka sukari? Sawa, ni maji tu.

Basi, kwa kuwa sijui, nitaamua kama mama. Mafundi wa sakafu waje mara moja kwa mwaka, mvua zikishakatika na kabla vumbi halijapanda. Waoshe taratibu kwa maji kidogo, wapake palipopauka. Mashine ya kukwangua isiguse mbao mpaka maji yazame kwenye ubao, hata ikipita miaka mingi, na kama nyumba itajaa watoto basi mtaangalia mara nyingi zaidi. Siku nyingine zote ni ufagio, na atakayekuwa ndani ya nyumba ndiye mwenye ufagio, asimngoje mtu.

Lakini kuna sharti. Siku hiyo Nasri uwepo. Sisemi utume, nasema uwepo, upande basi au treni, uje ushike lile kabati la baba yenu la sebuleni upande mmoja na Anifa ashike upande mwingine, mlitoe uani ninyi wawili. Asipokuja Nasri, Emilian asiingie. Na kaka yako akija, Anifa, mlango uwe wazi kabla hajapiga hodi. Nyumba si ya mwenye fedha ya mafundi wala si ya aliyebaki ndani. Siijui ni ya nani. Nilidhani ni yangu, na sasa naiacha.

Ule ubao ulionyanyuka mtauondoa, mtaweka mwingine, na hata usipofanana rangi uacheni hivyo.

Nikiondoka, nizikeni karibu na baba yenu, na msinicheleweshe kwa kungoja watu wa mbali. Mtandike majamvi sebuleni, watu wakae. Watakuja na viatu, watakuja na mchanga wa Kwihara na tope la Ntalikwa, na uji utamwagika. Nasri, usimpigie Emilian. Anifa, usiwafuate watu na tambara. Acheni sakafu ichafuke mpaka arobaini ipite, maana ni miguu ya watu wanaotupenda.

Mungu awape riziki ya halali. Awape... awape subira ya kusikilizana. Nimewaridhia, nyote wawili, wa mbali na wa karibu, sina kinyongo, na kama kuna nililolisahau nalo nimeliridhia. Mtoto wenu yeyote atakayetambaa hapa, Mungu amlinde na... na vibanzi.

Mbona giza? Ni mchana bado? Mnasema ni mchana. Haya.

Mkono huu wa nani? Wa Anifa. Na huu? Hapana, usiseme, naujua. Mbona mmenishika huku na huku, kama mnanibeba? Niachieni. Mimi sianguki tena. Shikaneni ninyi.