Ugonjwa wa Buazza

Kiti cha nyuma cha teksi ya kwenda mji wa Azru tulibanana wanne. Ubavuni pangu Buazza, muuza mazulia, alikuwa akimweleza masaibu yake Lala Itto, mama muuza majani ya dawa, aliyepakata kifurushi chake cha majani.

"Tumbo lilinivimba wiki mbili, shangazi. Mama akanichemshia majani ya zaatari, mama mkwe akaniletea pakanga. Nikanywa zote, kila mmoja akinikodolea macho mpaka tone la mwisho."

"Na sasa, mwanangu?"

Akashusha sauti, kana kwamba mimi sina masikio. "Nimepona tangu Jumanne. Ila nikisema, wataniuliza nimeponywa na dawa ya nani."

"Si useme zote mbili?"

"Niliwahi kusema hivyo kuhusu kuskusi walizopika kwenye harusi yangu. Hawakusemezana miaka minne."

Teksi ikasimama. Kituoni walisubiri akina mama wale wawili, kila mmoja na birika lake linalofuka moshi. Buazza akashika tumbo, akashuka amejikunja akiugulia vizuri kabisa.

Lala Itto akashuka naye, akamshika mkono. "Huyu bado sana," akawaambia, na papo hapo akaanza kufungua kifurushi chake.