Mashati Tisa ya Bramwel Khaemba

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, mimi ni Morris, mtoto wa kaka yake marehemu. Nimepewa karatasi hizi nizisome, zimeandikwa kwa mkono na Mama Beverly, mke wa marehemu, na amenikataza kupunguza hata neno, kwa hiyo mtakaposikia "mimi" mjue ni yeye anayesema.

Bramwel Khaemba alizaliwa tarehe 14 Machi 1955, karibu na soko la Kimilili, wilaya ya Bungoma, mtoto wa nne wa wakulima wa mahindi, ambao wote wawili wametangulia. Alisoma shule ya msingi ya misheni tangu mwaka 1963 hadi 1969, kisha akaingia sekondari Januari 1970, na siku ya kwanza alifika na kaptula yenye kiraka makalioni, mwalimu akamkalisha nyuma, darasa zima likacheka. Kisa hiki alinisimulia kila alipotaka nielewe kwa nini yuko vile alivyo, na mimi nilimsikiliza huku nashona, lakini wengi wetu tulioketi hapa tulivaa viraka, na hatukuwalipiza watu ambao siku ile hawakuwemo darasani. Alimaliza kidato cha nne Novemba 1973, akafaulu vizuri, hasa hesabu.

Tarehe 3 Februari 1976 aliajiriwa bandarini hapa Mombasa, karani wa hati za mizigo, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minne hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2010. Wenzake waliopo watashuhudia kwamba hakuwahi kuchelewa, kwamba hati zake hazikurudishwa, na kwamba hata katika joto la Februari, mtu anapotokwa na jasho akiwa amekaa tu, hakuonekana bila koti, tai na shati jeupe la mikono mirefu. Hilo lingekuwa jambo lake mwenyewe kama angeliweka kwake mwenyewe. Hakuliweka. Kila mwanamume aliyepita mbele yake alikuwa na hukumu yake, mwenye viatu vya hudhurungi na suruali nyeusi alikuwa mshamba, aliyefunga tai juu ya shati la mikono mifupi alikuwa kondakta, aliyeingia ofisini na makubadhi hakujibiwa salamu, na mkuu wake mmoja aliyependa Kaunda suti alimwita mpishi kwa miaka sita, nyumbani, kwa sauti ya chini.

Tulifunga ndoa kanisani, hapa hapa Mombasa, tarehe 20 Desemba 1980, mimi nikiwa na miaka ishirini na moja. Mkija nyumbani mtaiona picha ya harusi ukutani, wazazi wake wamesimama, mama yangu amesimama, baba yangu hayumo. Baba yangu alikuwa akitengeneza njia ya reli, alikuja na kofia ya sufu na koti lililopungua vifungo viwili, na bwana harusi alimwomba kwa adabu kubwa asogee kidogo mpaka picha ipigwe. Alisogea. Mimi nilikuwa nimeshika maua, sikusema kitu, na tangu hapo ikawa desturi, yeye anasema na mimi sisemi.

Mwaka 1984 tulihamia mtaa wa Kuze, ghorofani, vyumba viwili juu ya duka la Bwana Kamaludin, fundi cherehani, ambaye amefika leo na namshukuru. Watu wa Kuze marehemu aliwasifu siku ya Ijumaa, walipotoka na kanzu zilizopigwa pasi, na akawadharau siku sita nyingine, walipoketi barazani na vikoi. Tulijaliwa watoto wawili, Seth, aliyezaliwa tarehe 22 Oktoba 1985, ambaye anafanya kazi benki Nairobi na huvaa kama baba yake alivyotaka, na Beverly, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1988, anayeuza matunda katika soko la Marikiti.

Sasa nieleze habari ya mashati, kwa sababu bila hiyo yanayofuata hayataeleweka. Marehemu alikuwa na mashati meupe tisa, yote yameshonwa na Bwana Kamaludin, kitambaa kizuri, na kitambaa kizuri nacho huchakaa, huanza kuliwa kwenye kola, pale inapokunjwa na kusugua shingo. Kola ikiliwa, unaifumua, unaigeuza, upande wa ndani ukawa wa nje, unaishona tena, na mtu ataapa ni shati jipya, lakini hufanyika mara moja tu, maana kola haina upande wa tatu. Kazi hiyo niliifanya mimi, mezani, mlango umefungwa, ili fundi wa chini asijue, ingawa fundi alijua, nilikutana naye siku moja ngazini akaniambia taratibu, "Mama Beverly, mshono wako mzuri, ila uzi wako mweupe kuliko wangu." Tangu hapo alikuwa akiniwekea uzi wake kidogo kwenye karatasi, na hatukulizungumza tena. Marehemu alivaa kola hizo, akatoka nazo nje, na akatumia macho yake kutazama kola za wenzake.

Mwaka 2017 Beverly alileta nyumbani mtu aliyetaka kumwoa, Ngala, mwenyeji wa Kaloleni, ambaye ana mkokoteni wake na hupakia vitunguu na nyanya Marikiti tangu alfajiri. Alikuja mara tatu. Mara ya kwanza, Jumamosi tarehe 4 Machi, alivaa fulana ya kampuni ya simenti, safi, imefuliwa, na marehemu alimtazama kutoka kwenye kiti chake akamwambia, "Duka la simenti liko Mwembe Tayari, hapa ni kwa watu." Mara ya pili, tarehe 18 Machi, alikuja na shati lenye kola, na kola ilikuwa imeliwa, marehemu akaniita nitoke jikoni nije kuiona, akasema mbele yake, "Mwanamume anayejiheshimu hatoki nyumbani na kola kama hii." Kola aliyokuwa nayo yeye shingoni nilikuwa nimeigeuza Jumanne ya wiki ile. Niliiangalia ile kola, nikamwangalia kijana wa watu, nikarudi jikoni kuipua chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Mara ya tatu, tarehe 8 Aprili, Bwana Kamaludin alimwazima koti, na marehemu hakumruhusu hata kuketi, alisimama juu ya ngazi akamwambia, "Koti hili nalijua, lina mwenyewe, na mwenyewe ana mabega." Ngala akavua koti, akalikunja vizuri, akamjibu, "Mabega ninayo, mzee, ila huwa kazini," akashuka. Bwana Kamaludin alikuwa mlangoni pake chini, alisikia yote, akasema bila kuinua sauti, "Bwana Bramwel, nami kazi yangu ni kupima watu, lakini nikimaliza kupima naivua futi shingoni." Hawakusemezana kwa mwaka mzima, na mashati yalipotaka vifungo nilikuwa nikiyapitisha dirishani kwa kamba.

Beverly na Ngala waliandikisha ndoa kwa serikali tarehe 16 Februari 2018, baba yake hakwenda, mimi nilikwenda nikamwambia nimekwenda sokoni. Walimpata binti, Mbodze, tarehe 30 Juni 2019, na babu yake alimwona kila mwezi, kwa kuwa Beverly alimleta, lakini Ngala aliishia mlangoni kwa fundi, akingoja mkewe amalize, miaka mitano.

Marehemu aligunduliwa kuwa na presha mwaka 2015. Aliandikiwa kwenda kliniki kila mwezi, akaenda mara mbili, kisha akaacha, kwa sababu muuguzi alimtaka avue koti na kukunja mkono wa shati mbele ya watu wengine waliokuwa kwenye foleni, na wengine kati yao, alisema, walikuwa na ndara. Nilimwambia presha haitazami ndara. Akaniambia nisiseme mambo nisiyoyajua.

Jumatatu tarehe 5 Agosti 2024, saa moja na nusu asubuhi, nilimkuta ameketi kitandani na fulana ya ndani na kikoi, mkono wa kulia hausogei, mdomo umekwenda upande. Nilimwita jirani yangu, Bi Khairiya, akaja mbio, akampigia Beverly simu, akafungua mlango tumtoe vile vile. Marehemu alikataa. Neno lilimtoka kwa shida, lakini lilieleweka, alisema, "Shati." Hapa naomba mnisikilize, kwa sababu kumekuwa na maneno msibani kwamba gari lilichelewa, na gari halikuchelewa. Nilimvisha. Nilimvisha shati, na mkono uliokufa ni mgumu kupita kwenye shati, nikamvisha suruali, soksi, viatu vya kamba, nikamfunga tai, nikaifungua kwa kuwa aliitikisia kichwa, nikaifunga tena, nikamvisha koti. Bi Khairiya alikuwa akisema, "Shoga yangu, wamfunga tai ya nini, mtu hana pumzi? Mtie leso tumtoe." Nilitumia dakika thelathini na tano. Sikufanya hivyo kwa mapenzi wala kwa ujinga, ni mazoea, nilikuwa nimemvisha mtu yule miaka arobaini na mitatu na mikono ilikwenda yenyewe.

Gari haliingii kwenye kichochoro chetu, kila anayeijua Kuze anajua. Aliyefika ni Ngala, na mkokoteni, ametoka nao Marikiti akikimbia, amevaa kaptula na singlendi, mguu mmoja una ndara na mwingine hauna, akapanda ngazi zile ambazo alikuwa hajazipanda tangu mwaka 2017, akamweka baba mkwe wake mgongoni, akashuka naye hatua kumi na tisa, akamlaza juu ya magunia, akausukuma mkokoteni hadi barabara kubwa, gari lilikokuwa likitungoja, huku watu wakipisha. Najua mngependa kusikia kwamba marehemu alimshika mkono, na jana mtu mmoja wa kanisani aliniomba niandike hivyo. Hakumshika. Mkono wake mzima aliutumia kulivuta pindo la koti lisiguse maganda ya vitunguu. Mimi nilikuwa nikitembea pembeni, nimeona.

Hospitalini daktari aliuliza ilianza saa ngapi, nikamwambia ukweli, akaandika, akasema dakika ni muhimu katika ugonjwa huu, hakunilaumu, na nilitamani anilaumu. Muuguzi alichukua mkasi akakata tai, shati na kola yake, chini ya dakika moja, vitu nilivyomvalisha kwa thelathini na tano. Hilo lilikuwa shati la tisa. Marehemu alifariki Jumatano tarehe 7 Agosti 2024, saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiwa na miaka sitini na tisa, amevaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni.

Marehemu aliacha karatasi, ya tarehe 2 Januari 2021. Ameandika azikwe Mombasa na si kwao, kwa kuwa kwao kuna matope na matope huharibu viatu vya watu, na hilo tumelitimiza. Ameandika pia kwamba jeneza libebwe na watu sita wenye suti nyeusi, mashati meupe na viatu vya kamba, na asiye na mavazi hayo asiliguse. Jumanne iliyopita familia ilikaa juu ya jambo hili, na Seth, mwanangu, akasema maandishi ya baba ni maandishi ya baba. Mmoja wa wajomba akajitolea kumwazima Ngala koti. Ngala alikuwa ameketi karibu na mlango, akasema, "Nashukuru, mjomba. Mimi nilishambeba, wabebe wengine." Nami nikanyamaza, kama nilivyonyamaza na maua mkononi, na kama nilivyonyamaza jikoni.

Leo sinyamazi. Karatasi ile nimeichana. Seth, mwanangu, usikasirike, suti yako ni nzuri na utabeba, lakini mbele upande wa kulia nimemwachia Ngala, na shati alilokuja nalo leo, la kola iliyoliwa, nimeliona kanisani nikaongeza mstari huu, na linatosha. Na ninyi mtakaopita kumtazama marehemu, tazameni vizuri kola yake, weupe ule mnaouona ni upande wa ndani, nimeigeuza mimi mwaka 2018, na mashati yote saba yaliyobaki kabatini ni hivyo hivyo. Sisemi ili mcheke. Nasema ili Ngala asikie kwamba aliyemfukuza kwa kola hakuwa na kola bora kuliko yake, alikuwa na mke.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa siku zile mbili, na yule wa mkasi namshukuru kipekee. Tunamshukuru Bi Khairiya kwa chakula cha siku kumi, Bwana Kamaludin na majirani wa Kuze kwa kutuachia baraza zao tukae, wafanyakazi wenzake wa bandarini, na watu wa Marikiti walioweka mizigo chini asubuhi ile tukapita.

Ngala, mwanangu, Morris akimaliza kusoma naomba uinuke. Ukiona huwezi, sitakulaumu, haki unayo, nitaushika mkono ule wa jeneza mimi mwenyewe, na mimi sina suti.

Baba Beverly, kola yako imekaa sawa, nimeitazama mwenyewe kanisani. Hakuna wa kukagua huko, wala wa kukukagua. Pumzika kwa amani.