Mwalimu Raili na Dakika za Maswali

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwafunza wanafunzi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, hapa Kajaani, Ufini, Mwalimu Raili Kotilehto anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei. Shule yetu haijawahi kumwajiri, lakini jarida hili linamuaga kama mtu wetu. Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka, amekuwa akiwaleta wanachuo wake wajifunze kufundisha kwa kutufundisha sisi wa darasa la tisa habari za mgongo.

Alianzia hospitalini, akiwanyoosha magoti wakata miti, na inasemekana walimwogopa kuliko msumeno. Alipohamia chuoni alikabidhiwa somo ambalo wenzake walilikwepa: kuandaa vipindi vya kufundisha. Andalio lake la somo lina safu mbili tu: watu watafanya nini, na utajuaje kwamba wameelewa. Anayeongeza safu ya "mwalimu atasema nini" hurudishiwa kazi yake.

Wakati wa kipindi yeye hukaa nyuma akifuma soksi. Sindano zikienda, mambo ni salama. Zikisimama, mwanachuo hubadilika rangi. Kuhusu soksi zenyewe, mkuu wa shule anayo jozi moja, soksi moja ndefu kuliko nyingine, na huzivaa kwa adabu.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya Onerva Pitkäaho. Alikuwa ameshafeli mafunzo ya vitendo mara moja, na akifeli tena chuo kingemwondoa. Kwa hiyo alijiandaa sana, pengine kupita kiasi. Alieleza pingili zote za uti wa mgongo, kisha akatenga robo saa nzima ya maswali. Onerva ni Mfini mwenzetu, mzaliwa wa Sotkamo. Hatujui alikuwa akiwawazia watu gani, maana Wafini hatuulizi maswali mbele za watu.

Aliuliza kama kuna swali. Tukatazama vidole vyetu vya miguu. Akauliza tena. Sindano zikasimama.

Tulitarajia Mwalimu Raili amwokoe kwa kuuliza yeye. Hakuuliza. Alimwita pembeni, akasema kwa sauti ambayo yeye huiita mnong'ono:

"Binti, wala hawana kosa hawa. Hukuwapa kazi."

"Kwa hiyo nimefeli, Mwalimu?"

"Bado. Unao hawa hawa tena baada ya chakula. Nenda kale kwanza."

Onerva hakwenda kula. Alisimama kwenye korido akitutazama tulivyokaa sakafuni, tumejikunja juu ya simu. Aliporudi darasani hakuwasha hata projekta. Alitupanga wawili wawili, akamtaka kila mmoja akae kama alivyokuwa amekaa koridoni, na mwenzake amrekebishe mpaka apumue vizuri.

Hapo tukaanza kusemana. Urho, golikipa wa hoki ambaye mwaka mzima walimu walimjua kwa kutikisa kichwa tu, alimkemea mwenzake bila huruma:

"Wewe, toa kidevu kifuani. Umekaa kama kamba wa ziwani aliyechemshwa."

Kisha akamgeukia Onerva na kumuuliza, polepole, kwa nini kiuno humuuma baada ya mechi. Onerva akachuchumaa kando yake na kumjibu kwa kumwonyesha. Mwingine akauliza kuhusu mkoba, mwingine kuhusu pikipiki. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka.

Mwalimu Raili alikusanya nyuzi zake, akatoa tathmini yake yote: "Kelele za kutosha." Kwa wanaomfahamu, hizo ni alama za juu kabisa.

Onerva alihitimu mwezi Desemba, na sasa anawafundisha wazee wa Kuhmo kupanda ngazi wakiwa na magoti mapya. Tumesikia kwamba wazee hao wanabishana naye kuanzia mwanzo wa kipindi hadi mwisho.

Asante, Mwalimu Raili, kwa kuamini kwamba hata watu kama sisi tuna la kuuliza. Tunakuombea mapumziko mema, kahawa ya moto, na majirani wasemaji.