Gari Lenye Honi, Lisilo na Breki

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Aa, nyie wa huko nyuma mnaitikia kama watu wenye njaa. Bwana asifiwe! Haya, sasa nimesikia. Mimi ni Ghati, mama yake Robi, na nimesimama kumshukuru Mungu aliyeninyima amani.

Ndiyo, aliyeninyima! Ngojeni niwaeleze.

Miaka ile ya ujamaa, tulipohamia kijijini kule Gorong'a, kijiji kilipewa Landrova kuukuu. Lilikuja likivutwa na trekta, viti vimeliwa na panya. Kazi ya kulifufua akapewa mkwe wangu Chacha, mume wa Robi. Halmashauri ikakaa kuamua kipi kitengenezwe kwanza, maana spea zilikuwa haba. Waliamua nini? Sisi wanawake hatukuambiwa. Tuliona tu gari limepakwa rangi ya kijani, linawaka, na honi yake inatisha ng'ombe. Mwenyekiti akatangaza, "Gari limepona!" Watu wakapiga vigelegele.

Mimi sikupiga. Niliona kitu. Kila Chacha aliposimamisha gari, aliruka upesi akasukuma jiwe chini ya gurudumu. Hata mahali pa tambarare! Nikajiuliza, gari lililopona, jiwe la nini?

Ningemuuliza mwenyewe, lakini mnajua mila yetu. Mama mkwe na mkwe wake hawasogeleani. Nikimwona njiani nakata kona, naye anageuza uso. Nikamwambia Robi amuulize. Robi akacheka. "Mama, wewe hata uji unaushuku!"

Ndugu zangu, Robi alikuwa mjamzito, siku zimekaribia. Mkunga wa zahanati alisema mtoto amelala vibaya, lazima akajifungulie hospitali ya Tarime mjini. Na njia ya mjini inaanza na ule mteremko mkali unaoishia mtoni, kwenye mawe. Nikapiga magoti nikamwomba Bwana aniondolee mashaka. Nikafunga kula. Mashaka yakazidi! Nikaanza kumshuku mwenyekiti kwa haraka yake, nikamshuku Chacha kwa ukimya wake, nikajishuku na mimi kwamba ni shetani amenikalia.

Siku ya safari ikafika. Gari limesimama juu ya mteremko, linanguruma, jiwe chini ya gurudumu. Robi yuko ndani na kanga zake. Moyo wangu ukakataa! Nikasema, mila na initoze faini, mtoto wangu haendi. Nikaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa dereva.

Chacha aliponiona, maskini, alishuka mbio akainamisha kichwa, kwani mkwe hawezi kukaa juu mama mkwe akiwa chini. Nikamwambia kwa kinywa changu, "Mwanangu, gari lina breki?"

Akanijibu, "Hapana, mama. Niliwaambia breki kwanza. Wakasema mgeni rasmi atakayekuja kulizindua hataziona, wakachagua rangi na honi. Wakaniambia nikisema nitaitwa mpinga maendeleo. Nikajipa moyo kwamba gia ndogo itatushikilia mteremkoni."

Yesu wangu! Nikamshika Robi mkono, nikamshusha. Mwenyekiti akaja na hasira zake. "Huyu mama anasikiliza maneno ya ndugu zake wa ng'ambo ya mpaka, wanaoucheka ujamaa wetu! Gari ni zima!" Na ili anionyeshe kuwa mwongo mbele za watu, akalipiga lile jiwe teke.

Gari likaondoka lenyewe, bila mtu. Lilishuka likiruka kama ndama, likafika mtoni, likajipigiza kwenye mawe. Likalala tumbo juu, magurudumu yanazunguka. Mwenyekiti akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Robi alibebwa kwa machela hadi mjini, wanaume wakipokezana, Chacha mbele hakukubali kupokewa. Alijifungua salama.

Ndugu zangu, mlinifundisha kwamba Mungu akisema, moyo unatulia. Kwangu hakunituliza! Alinichoma mpaka nikasimama. Kama kuna mama hapa ambaye moyo umemkataa juu ya jambo, na watu wanamwambia nyamaza, namsihi amtegemee Bwana, aende akaulize. Aulize hata kama ni aibu.

Utukufu ni wake peke yake. Sina zaidi. Robi, mwanangu, simama na mtoto wako yule, aliye mtu mzima sasa, wawaone.