Marehemu Polepole na Mitungi Yake Miwili

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Mei 1949, mtoto wa tatu wa seremala na mkewe. Waliomtangulia walifariki wachanga, kwa hiyo yeye alilelewa kama yai. Labda ndiyo maana mikono yake haikujua kutupa kitu.

Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1964. Mwandiko wake ulisifiwa. Baba yake akaumia mgongo, naye akashika randa.

Tarehe 2 Januari 1971 aliajiriwa na jumba la makumbusho kutengeneza makabati ya vioo. Baadaye akakabidhiwa vyombo vyenyewe: mitungi ya kauri ya Kichina, masanduku ya Kijapani meusi yanayong'aa mpaka unajiona, hariri, mazulia ya kale. Kabla ya kugusa chombo alivua pete na saa. Kifuniko alikitoa kwanza, akakilaza kwenye blanketi, ndipo akauinua mtungi kwa mikono miwili. Wenzake wakamwita Polepole, na jina likamganda hata nyumbani.

Alifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1974. Mke wake hakusoma sana, na hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Walijaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia.

Mwaka 2006 jumba lilifungua maonyesho ya ufundi wa zamani wa Asia, na marehemu akampeleka mkewe kuona alivyopanga. Mke akasimama mbele ya mitungi miwili yenye maua ya bluu. Hakusogea.

"Baba watoto, hiki kifuniko si cha hapa."

"Mama, vimepigwa picha, viko kwenye kitabu cha maonyesho."

"Kitabu sikijui. Vyombo navijua. Hiki kimekaa kama kofia ya kuazima, na bluu yake imechoka kuliko ya mtungi."

Mlinzi akacheka. "Mama, umekuja kutazama au kukagua?"

"Vyote viwili."

Kesho yake marehemu alivibadilisha vifuniko, na kila kimoja kikakaa bila kutikisika. Kosa lilikuwa lake. Siku ya kupanga na kupiga picha alivilaza vyote viwili kwenye blanketi moja, vikachanganyika. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa maonyesho, akaungama.

"Kitabu kimeshachapwa, mzee," mkuu alimwambia. "Virudishe kama picha inavyoonyesha. Nani atajua?"

Alivirudisha. Tangu siku hiyo kila chombo kilipata blanketi lake. Alistaafu tarehe 30 Juni 2009 vifuniko vikiwa vile vile. Kila mwaka alikwenda kuomba virekebishwe, na kila mwaka alikataliwa.

Novemba 2021 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa, akapata nafuu, akalala tena. Mwishoni hakuulizia dawa. Aliuliza, "Vifuniko bado?" Mke wake hakumdanganya. "Bado."

Alifariki Jumapili, tarehe 3 Machi 2024, saa nne asubuhi, kitandani kwake. Mke alikuwa jikoni anampashia maji ya kuoga. Aliporudi ilikuwa imekwisha. Maji yalipoa, akayamwaga, akaosha beseni.

Jumanne mkuu wa maonyesho, ambaye sasa naye ana mvi, alikuja na shada la maua.

"Maua weka hapo," mke alimwambia. "Vifuniko je?"

"Mama, leo ni msiba."

"Ndiyo maana nakuuliza leo. Akishafukiwa nitamuuliza nani kama ameridhika?"

Watu wakainamisha vichwa. Mkuu akaaga.

Jumatano asubuhi alileta gari mwenyewe. Walipofika kwenye jumba, kabati lilikuwa wazi, na mezani yametandikwa mablanketi mawili, si moja. Mkuu akasema, "Fanya wewe, mama." Mke akavua pete. Akakitoa kifuniko cha kwanza, akakilaza huku, cha pili kule, kisha akavirudisha kila kimoja kwa mwenzake. Havikutikisika. Akavaa pete, akarudi nyumbani kupanga viti.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja aliyemfuata kuzaliwa, na mitungi miwili, kila mmoja na kifuniko chake.

Wanaombeba leo wambebe kwa mikono miwili, polepole. Alale salama. Hakuna kilichobaki cha kuulizia.