Mkia wa Duara la Ngano

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Fundi Pancha, pale lami inapoishia na mashamba ya ngano yanapoanzia. Mguu mmoja wa benchi ulivunjika zamani, tukaingiza tairi bovu mahali pake, kwa hiyo anayekaa upande ule huongea huku akiyumba kama yuko safarini. Asubuhi hiyo mvua ya usiku ilikuwa imeacha ubaridi wa kuingia mifupani, jua limegoma kutoka, na kahawa ya kwenye buli ilikuwa na mvuke mwingi kuliko joto. Mimi wananiita Nusu Kitabu, kwa kuwa shule niliiacha katikati. Nusu iliyobaki naisomea hapa benchini, na siku hiyo mwalimu nilikuwa mimi. Duara lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyeliona kwanza.

Jana yake alfajiri nilikatiza shambani nikakuta ngano imelazwa. Ujia wenye upana wa mlango umezunguka, umezunguka, mpaka umerudi ulipoanzia. Katikati ngano imesimama wima kana kwamba hakuna kilichotokea. Na ubavuni duara lilikuwa na mkia: ujia mwembamba uliochomoka na kupotelea ndani ya shamba. Kuna mtu angekaa kimya? Nikaita watu. Kufika mchana mtaa mzima ulikuwa mle ndani, nami nawatembeza kama mwenye mali. Hata kamba ya kufungia mizigo niliazima kwa Pancha nikapima duara kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati, nikafunga fundo. Kitu bila kipimo ni porojo.

Basi benchini kila mtu akawa na lake. Lindo, mzee aliyelinda geti la ghala moja mpaka akastaafu, na tangu hapo anajua siri zote za serikali, alishikilia kwamba wakubwa wanapima ardhi kutokea juu, na tutahamishwa kabla ngano haijavunwa. Pancha akamkatalia. Kwake yeye ile ilikuwa alama ya tairi.

— Tairi moja tu? nikamuuliza.

— Chombo cha angani kinataka mangapi? Wahenga walishasema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Dobi, ambaye mikono yake imekunjamana kwa maji ya sabuni, akatuambia sote hatuna akili. Hiyo ni alama ya kitako cha beseni. Huko juu kuna watu wanafua, na mvua hii isiyokwisha tunadhani ni nini kama si maji ya suuza? Akashauri tuwapokee vizuri, maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Lindo akamuuliza mwenyeji atapona nini kwa maji machafu ya watu. Dobi akanywa kahawa yake.

Mimi nikawasubiri wachoke, kisha nikatoa ya kwangu: siri haiko kwenye duara, iko kwenye mkia. Mkia ni mshale. Unaonyesha watakaposhukia safari ijayo, kumchukua aliyewatambua kwanza.

— Ulielekea wapi huo mkia? Pancha akauliza.

— Machimbo ya mawe.

— Jana mchana ulisema mtoni, Lindo akanikumbusha.

— Na jioni ukatuambia barabara kuu, akaongeza Dobi.

— Mkia wa mgeni wa angani hautulii sehemu moja, wazee wangu.

Tukacheka. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka.

Dada mmoja alikuwa amesimama nyuma yetu. Viatu vyake vilikuwa tope tupu, na mkononi ameshika koti zito la kiume. Akamwamkia Lindo shikamoo, akauliza kama kuna aliyemwona mzee mmoja mwembamba, aliyevaa shati tu. Ni baba yake. Alitoka nyumbani juzi jioni. Tukatikisa vichwa. Lindo akamsogezea nafasi, na Pancha, kwa nia njema tu ya kumsahaulisha shida, akamsimulia habari za duara.

Hakukaa. Akauliza:

— Katikati, ngano imelala au imesimama?

— Imesimama, nikajibu haraka kabla mwingine hajanipora. Nimepima mwenyewe.

Nikamchomolea kamba msumarini. Akaikunja mara mbili, ncha kwa fundo, akainyoosha. Alikaa nayo hivyo muda mrefu, kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

— Huu ni urefu wa mti wa kinu chetu, akasema.

Akatueleza bila kulia. Baba yake alikuwa mkamua mafuta ya ufuta. Kinu kilizungushwa na punda. Punda alipokufa na mwingine hakupatikana, mzee alijifunga kamba mwenyewe, akausukuma ule mti kifuani, akazunguka miaka hiyo yote mpaka watoto wakakua. Sasa akili imemtoka, lakini miguu haijasahau. Akipotea, huzunguka. Akishazunguka vya kutosha, hujiona amemaliza kazi, akashika njia moja iliyonyooka na hageuki tena.

Dobi aliweka kikombe chini. Niliangalia vikombe vyote vinne. Hakuna aliyekuwa ananywa.

— Alipomaliza, dada akauliza, alielekea wapi?

Wote wakanigeukia mimi.

Kwenda kutazama upya ilikuwa kazi bure. Nyayo za mtaa mzima zilikuwa juu ya ngano ile, na mbele ya wote nilitangulia mimi. Nikafumba macho niuone mkia. Nikauona ukienda mtoni. Nikauona ukienda machimboni. Nikauona ukishika barabara kuu. Na yote mitatu ilikuwa na umande juu yake, na ngano imelala vizuri, wazi kabisa, jinsi nilivyowasimulia watu.

Lindo akainuka, akafuata njia ya machimbo, fimbo mkononi. Pancha akaacha kibanda wazi akaelekea barabara kuu. Dobi akakunja suruali, akasema yeye maji ameyazoea, akashuka mtoni, ambako mvurumo wa maji ya mvua ulisikika mpaka benchini. Wazee wale watatu, hakuna aliyeweza kukimbia.

Dada hakuondoka. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza.

— Kaka, akasema taratibu, si wewe ndiye uliyeuona huo mkia kwanza?

Mvua ikaanza tena. Alisimama mbele yangu, koti la baba yake mikononi, akingoja nimwambie amfuate nani.