Don Nazareno Picco Achagua Tisa

Baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, Don Nazareno Picco, fundi silaha wa Klabu ya Shabaha ya Colonia Marengo, anastaafu rasmi Jumamosi hii, tarehe 30 Juni. Kamati imeniomba mimi, Zulema Ferrero, katibu wa klabu, niandike wasifu wake, na imenisihi uwe wa kuchangamsha. Nimejitahidi, lakini wanaonijua wanajua machozi yangu yako karibu.

Don Nazareno alikuja kwetu karakana ya reli ilipofungwa. Alipewa kibanda nyuma ya uwanja wa shabaha, kibanda kilichovuja, na humo akaanza kuunda bastola zetu: ile ile ya chuma kizito waliyoibeba babu zetu jeshini, ambayo mpaka leo hakuna aliyeona sababu ya kuibadilisha. Umbo lake ni moja, ila risasi ni hiari ya mtu. Ipo nene, ya milimita kumi na moja na robo, na ipo nyembamba, ya milimita tisa. Mwanachama mpya lazima achague kabla mtutu haujafungwa, na hapa Marengo uchaguzi huo umevunja urafiki mwingi kuliko mpira.

Lakini Don Nazareno hakumuuliza mtu anataka ipi. Alimpa birika la maji ya moto na kibuyu cha mate, yale majani machungu tunayoyanywa kwa mrija, akamwambia, "Nimiminie." Kila mtu hapa amemimina mate tangu utotoni, kwa hiyo hakuna anayejihami. Maji yanatakiwa yaangukie pale pale penye mrija, majani ya upande wa pili yabaki makavu. Don Nazareno hakutazama kibuyu, alitazama kifundo cha mkono. Akishakunywa, alitoa hukumu, mkono uliotulia ukapewa risasi nene, na unaotikisika ukapewa nyembamba, yenye teke dogo; na hukumu yake haikuwa na rufaa.

Tulio, mchinjaji wetu, mtu wa kubeba nusu ng'ombe begani, alilowesha majani yote akapewa tisa. Alinung'unika mwaka mzima. "Don Nazareno, watu watanionaje?" Akajibiwa, "Watakuona unapiga penye shabaha, Tulio, jambo ambalo hawajawahi kuliona." Mwalimu Mirta, ambaye ni mwembamba kiasi cha kupeperushwa na upepo, alimimina uzi mmoja wa maji bila kutikisika, akapewa kumi na moja na robo. Vikombe vyake ndivyo vilivyojaza kabati la ukumbini.

Yeye mwenyewe alipiga kumi na moja na robo maisha yake yote, na aliidharau tisa waziwazi. Bahati mbaya, au bahati njema, alimwoa Delfina.

Delfina alipiga tisa, kwenye nafasi ya nne ya uwanja wa shabaha, kila Jumapili. Mabishano yao tuliyasikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza redio. "Hiyo yako ni ya kufukuzia kasuku shambani," alisema mume. "Sawa, mzee wangu. Wewe piga kelele, mimi napiga shabaha," alijibu mke huku akipakia risasi kwenye magazini. Kisha kila Jumapili, kabla ya klabu kufungwa, Delfina alimwelekezea mpini wa bastola yake. "Ipige mara moja tu, uone. Kwa ajili yangu." Naye mume kila mara alifuta mikono kwenye aproni na kusema, "Siku moja."

Delfina alitutoka majira ya baridi ya mwaka juzi. Bastola yake iliwekwa kwenye kabati la chuma la karakana, na funguo akabaki nazo Don Nazareno. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Aliendelea kuja kazini, akitengeneza za watu, na sisi tukajifanya hatuoni kwamba mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka.

Wote mnajua desturi yetu: anayestaafu hupewa bastola mpya, na huchagua risasi mwenyewe. Zote zilizowahi kutolewa aliziunda yeye. Mwezi Machi, kamati ilipomwita, mwenyekiti wetu Don Rinaldo alikuwa ameshachukua kalamu. "Tuandike kumi na moja na robo, siyo, Nazareno?" Tukacheka. Yeye hakucheka. Aliomba birika.

Akammiminia mwenyekiti mate. Maji yakaanguka penye mrija, kisha kwenye majani makavu, kisha mezani, kisha kwenye nyaraka zangu. Don Nazareno aliutazama mkono wake kama alivyoitazama mikono yetu sote, bila kuuonea huruma, akasema, "Huyu ni wa tisa."

"Basi tutakuundia tisa nzuri," alisema Don Rinaldo.

"Sitaki mpya," alisema. "Kiunzi ninacho, cha bastola yangu. Nitafunga juu yake mtutu wa Delfina."

Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Tulio alijitolea kumsaidia, akafukuzwa. Kazi ambayo zamani angeimaliza kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana ilimchukua sehemu kubwa ya Aprili na Mei yote. Skrubu zilimponyoka mikononi. Nilizisikia zikigonga sakafu, nikabaki ofisini kwangu, kwa sababu najua heshima ni nini. Nilikasirika pia, sikujua namkasirikia nani.

Kanuni ya karakana yetu ni kwamba silaha haitoki mpaka fundi aijaribu mwenyewe, mbele ya shahidi. Jumanne iliyopita alinigongea mlango. "Zulema, njoo ushuhudie." Tukaenda nafasi ya nne. Akasimama pale aliposimama mkewe, akaishika bastola kwa mikono miwili, akasubiri mtetemeko upungue, akapiga.

Teke la bastola lilikuwa dogo. Mkono ulirudi mahali pake, na hakufumba jicho. Risasi ilitoboa karatasi pembeni, mbali na duara. Hakuitazama karatasi. Alivua vizuia sauti masikioni, akaitazama bastola.

"Alikuwa sahihi," alisema. Kisha akaketi kwenye benchi. "Jumapili zote zile, Zulema. Alitaka niipige mara moja tu."

Nilienda kuchemsha maji.

Kwa niaba ya klabu, Don Nazareno, asante kwa kila springi uliyoibadilisha, kwa kila mjinga uliyemnyang'anya silaha kabla hajajiumiza, na kwa kutuambia ukweli kuhusu mikono yetu. Jumamosi, nyama itakuwa tayari saa saba, nafasi ya nne ni yako, na magazini itakuwa imejaa. Tunakuombea miaka mingi yenye asubuhi tulivu. Mate utamimina wewe, kama siku zote. Yakimwagika, tutakunywa hivyo hivyo.